Kubadilisha manifoldi za ekzosi kwa heda kwenye Silverado ya 5.3: kazi yote iko kwenye bolti

Ukiwasha Silverado ya zamani alfajiri ya baridi ukasikia "tik, tik, tik" upande mmoja wa injini, kisha baada ya dakika chache sauti ikapotea yenyewe, usikimbilie kufungua tapeti, vile visukuma valvu. Zima injini, ngoja ipoe kabisa, chukua tochi na kioo kidogo chenye mkono, uchungulie manifoldi ya ekzosi, kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda na kuupeleka kwenye bomba, mpaka mwisho wake wa nyuma, pale karibu na ukuta wa kabini. Hesabu vichwa vya bolti. Kila upande viwe sita. Kwangu vilikuwa vitano upande wa abiria na vitano upande wa dereva, na vyote viwili vilivyokosekana ni vya nyuma kabisa.

Gari langu ni Chevrolet Silverado 1500 ya mwaka 2005, V8 ya lita 5.3, na naishi nalo Columbus, Ohio. Kazi hii nimeifanya mwenyewe kwenye njia ya kuingilia gari nyumbani, wikendi mbili, na nimeiandika kwa sababu wenzangu kadhaa wanaoendesha malori madogo ya aina hii wameambiwa gereji bei ya kutisha kwa jambo linalowezekana kwa spana za kawaida na subira. Ufundi nilijifunza Changamwe, Mombasa, kwa ami yangu, nikiwa na miaka kumi na tatu. Kule chuma kinaliwa na chumvi ya bahari. Hapa kinaliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kutu ni ile ile, na njia ya kuishinda ni ile ile.

Kwanza ujue kwa nini bolti zinakatika, maana ukijua utafanya kazi kwa akili. Manifoldi ya kiwandani ni chuma cha kusubu. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini ambapo manifoldi inafungwa, ni alumini. Zikipata moto zote zinatanuka, lakini si kwa kipimo kimoja, kwa hiyo kila safari manifoldi inasugua na kuvuta bolti huku na huku. Bolti za katikati hazisumbuki sana. Za mwisho, mbele na nyuma, ndizo zinazobeba mvuto wote, na za nyuma zina joto zaidi na hazipati upepo. Ongeza kutu, na siku moja kichwa kinaruka. Pengo dogo linabaki, moshi unapita pale kwa vishindo, ndiyo ile tik-tik. Chuma kikipata moto kinajaza pengo na sauti inakufa, na mwenye gari anadhani limepona.

Halijapona. Moshi unaovuja karibu na ukuta wa kabini unaweza kuingia ndani kwa njia ya hewa ya hita, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo ndani yake, haina harufu wala rangi. Mimi nabeba watoto watatu kwenye gari hili. Hilo peke yake lilinitosha kuanza kazi.

Sasa, kwa nini heda na si manifoldi nyingine ya chuma kile kile? Manifoldi ikikaa miaka mingi na bolti moja imekatika, inapinda na kusinyaa. Nilipoitoa yangu nikaiwekea rula ya chuma, upande wa nyuma ulikuwa umenyanyuka kiasi cha kupitisha kucha. Kuirudisha ilivyo ni kukata bolti mpya mapema. Heda ni mabomba: kila silinda ina bomba lake linalotoka kwenye sahani moja nene, kisha mabomba manne yanakutana chini. Moshi wa silinda moja hausukumani sana na wa jirani yake, na injini inapumua vizuri zaidi.

Ziko aina mbili, fupi na ndefu. Ndefu ndizo zinazoongeza nguvu kweli, lakini zinashuka mpaka mahali pa kataliti, vile vyombo vya kusafisha moshi, kwa hiyo mara nyingi unalazimika kukata na kuchomelea upya bomba la chini. Kuondoa kataliti Marekani ni kosa chini ya sheria ya Clean Air Act, hata kama kaunti yako haipimi moshi. Hapa Columbus hawapimi, ila Cleveland na Akron wanapima, na ukihamia California watataka heda yenye namba ya kibali cha bodi yao ya hewa, CARB. Kwa gari la kwenda kazini na kubeba familia ushauri wangu ni heda fupi, zinazoishia pale pale manifoldi ya zamani ilipoishia. Kataliti zinabaki mahali pake, sensa za oksijeni zinabaki mahali pake, na hukati bomba hata moja. Faida ya nguvu kwa heda fupi ni ndogo. Utaisikia zaidi kwenye mwitiko wa gari kupanda mlima kuliko kwenye mbio.

Katika kununua, tazama unene wa sahani kabla ya kung'aa kwa mabomba. Sahani ya inchi 3/8, karibu milimita 9.5, haipindi upesi. Nyembamba ya robo inchi itakurudisha kwenye tik-tik ile ile. Kwa nchi ya barafu chukua chuma kisichoshika kutu, si cha rangi nyeusi ya kupulizwa. Zikifika, kabla hata hujafungua gari, lalisha sahani juu ya kioo cha meza uone kama inayumba. Za kwanza nilizoletewa ziliyumba, nilizirudisha. Gasketi zilizokuja na heda zilikuwa za karatasi ngumu, nikaziweka kando nikanunua zile za GM, kampuni inayotengeneza Chevrolet, za chuma cha tabaka. Ni dola chache na hutazigusa tena.

Vifaa vingine: jeki na stendi mbili za uhakika, racheti na eksitensheni ndefu, soketi zenye kiungo cha kukunja, spana ya toki ya kupimia mkazo, soketi ya sensa ya oksijeni ya milimita 22, tapu ya M8 x 1.25 ya kusafishia nyuzi za matundu, dawa ya kulegeza kutu, miwani ya macho. Na biti za drili za kushoto, yaani zinazokata zikizunguka kinyume. Nitaeleza kazi yake.

Kazi inaanza siku tatu kabla. Kila jioni, injini ikiwa vuguvugu tu, nilipuliza dawa ya kutu kwenye bolti zote na kwenye nati tatu za kila upande zinazoshika bomba la chini. Nati hizo zimechakaa kuliko bolti za juu, maana chumvi ya barabara inazipiga moja kwa moja. Ami yangu alikuwa akichanganya dizeli na mafuta ya breki kwenye kopo la Blue Band, akipaka kwa brashi jioni, na asubuhi akigonga kila bolti kichwani kwa nyundo ndogo, mara tano sita, kabla ya kuitia spana. Kugonga kule ndiko kunakopasua kutu ili dawa iingie. Dawa nimebadilisha, kugonga sijaacha.

Siku yenyewe gari liwe baridi. Toa waya hasi wa betri. Weka kabari magurudumu ya nyuma, nyanyua mbele, weka stendi, tikisa gari kwa nguvu kabla ya kuingia chini. Toa magurudumu ya mbele na zile plastiki za ndani ya matao ya magurudumu. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanahangaika saa nzima kutafuta bolti ya nyuma wakiwa wamelala juu ya injini. Kupitia tao la gurudumu unaiona bolti ya nyuma uso kwa uso, na mkono unafika.

Toa waya za plagi kwa kushika mpira wa mwisho na kuzungusha, usivute waya. Toa na plagi zenyewe, ili usizivunje kichwa kwa spana. Ukifikia hapa ni vizuri kuweka mpya. Upande wa abiria kuna mrija wa kijiti cha kupimia oili. Legeza bolti yake usogee. Sensa za oksijeni, kama waya zake zinafika, ziache, ila chomoa viungio vyake vya umeme ili bomba likishuka lisivute waya.

Anza na nati za chini. Zikikataa, zipashe moto kwa tochi ya gesi mpaka zianze kubadilika rangi, kisha zungusha taratibu. Hizo ni chuma juu ya chuma, unaweza kuzipasha. Juu, kwenye hedi, usipeleke moto ovyo: alumini inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi na haionyeshi wekundu kabla ya kuanguka. Kwangu stadi mbili za chini, yaani bolti zisizo na kichwa zinazoshika nati hizo, zilikatika. Hilo halikunipa shida, kwa sababu stadi hizo zinakaa kwenye manifoldi ya zamani inayoondoka; heda zinakuja na zake.

Bolti za hedi sasa. Hapa punguza mwendo wako wote. Tumia racheti fupi, si bomba la kuongezea nguvu. Bolti ikisogea robo mzunguko ikakaza tena, usiendelee mbele. Irudishe, puliza dawa, isogeze tena, irudishe. Mkono utakuambia: bolti inayotoka inahisi kama mchanga unasagika, bolti inayotaka kukatika inahisi laini, kama mpira, inazunguka bila kusogea. Ukihisi ulaini huo, acha. Nenda kwa nyingine, iache ile na dawa mpaka kesho. Kati ya bolti kumi nilizozikuta nzima, tisa zilitoka hivyo. Ya kumi niliiharakisha kwa sababu giza lilikuwa linaingia, na ikakatika.

Kwa hiyo nilikuwa na vipande vitatu ndani ya hedi, na ndivyo vilivyonifundisha zaidi.

Kipande cha kwanza, mbele upande wa dereva, kilikuwa kimechomoza kama milimita sita. Manifoldi ikishatoka, bolti iliyokatika haina tena mkazo wa kichwa. Inashikwa na kutu peke yake. Nilikiloweka, nikakigonga, nikakishika kwa koleo la kujifunga, nikakizungusha mbele kidogo kwanza, kama ninakaza, kisha nyuma. Kilitoka kwa dakika mbili.

Cha pili, nyuma upande wa abiria, kilikuwa sawasawa na uso wa hedi. Hapo ndipo nilipomwita jirani yangu, mtu wa Bukavu, ambaye kazini kwake anachomelea siku nzima. Tulitoa nyaya zote mbili za betri, tukafunika mabomba ya mafuta na ya breki kwa blanketi la kuzuia moto, tukaweka kizima moto karibu, na waya wa ardhi wa mashine tukaubana kwenye hedi ile ile, karibu na mahali pa kazi, ili umeme usipite kwenye vyombo vya gari. Aliweka washa, ile pete bapa ya chuma, juu ya kipande, akajaza katikati kwa mashine ya kuchomelea ya MIG mpaka kukawa na kilima kidogo cha chuma, kisha akaweka nati juu yake na kuijaza tena. Vyuma vya kuchomelea havishiki alumini, kwa hiyo usiogope kuwa vitagandana na hedi. Niliposhika spana akanizuia mkono: "Kaka, usiforse. Acha ipowe kwanza." Tukangoja mpaka wekundu ukaisha, nikagusisha mshumaa kwenye shina la bolti, nta ikayeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi. Nati ya kwanza ilibanduka. Ya pili ikabanduka. Ya tatu ilizunguka na bolti yake, ikitoa unga mwekundu wa kutu, na binti yangu aliyekuwa akitushikia tochi alipiga kelele kabla yangu.

Kama huna mchomeleaji, fuata njia ya kipande cha tatu, nyuma upande wa dereva, ambacho nafasi yake haikuruhusu mashine. Piga alama katikati hasa kwa panchi. Katikati hasa. Ukikosea milimita moja, biti itateleza kwenye alumini iliyo laini na utachonga hedi badala ya bolti. Kuna vibao vya kuongozea drili vinavyofungwa kwenye tundu la bolti ya jirani. Nunua au azima, ni fedha iliyotumika vyema. Anza na biti ya kushoto ya milimita 3, drili izunguke kinyume na polepole, na oili ya kukatia. Panda hadi milimita 5, kisha 6. Mara nyingi biti ya kushoto inapobana, inakifungua kipande chenyewe na kukitoa; changu kilitoka kwenye biti ya milimita 6. Usitumie vile vitoa bolti vyembamba vyenye pembe, vya kugongomea kwenye tundu dogo. Ni chuma kigumu sana, kikikatikia mle ndani hakuna biti ya kawaida itakayokigusa, na hapo kweli utaitoa hedi. Kama nyuzi za hedi zimekwisha kuharibika, toboa kwa kipimo cha seti ya nyuzi mpya na utie nyuzi za kupachika za M8. Zikiwekwa sawasawa zina nguvu kuliko zile za alumini.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya raha. Ziba milango ya ekzosi kwa vitambaa, na vihesabu. Safisha uso wa hedi kwa kikwaruzo cha plastiki na sponji ngumu, usitumie grainda. Pitisha tapu ya M8 x 1.25 kila tundu kwa mkono, puliza uchafu, toa vitambaa, hesabu tena.

Chukua bolti mbili za zamani, kata vichwa, chonga mfereji wa bisibisi mwishoni. Zifunge kwenye matundu mawili ya mwisho, na zitakuwa misumari ya kutundikia gasketi na heda huku mikono yako ikiwa huru. Ingiza bolti mpya zote kwa vidole, mizunguko michache kila moja, kabla ya kukaza hata moja. Funga na bomba la chini kwa ulegevu. Ndipo ukaze juu, ukianzia katikati na kutoka nje kwa zamu: mara ya kwanza Nm (newton-mita) 15, mara ya pili Nm 25, ambayo ni pauni-futi 18. Hivyo ni vipimo vya GM kwa manifoldi ya injini hii. Karatasi ya heda ikitaja vingine, fuata karatasi. Kuna bolti moja au mbili ambazo bomba linaizuia soketi. Tumia kichwa cha spana kinachopachikwa kwenye spana ya toki, na ukiweke pembe mraba na mkono wake, ili kipimo kisibadilike. Mwisho kaza nati za chini, sawasawa zote tatu.

Plagi Nm 15, hedi ikiwa baridi. Angalia kila mpira wa plagi hauegemei bomba. Heda zinatoa joto zaidi ya manifoldi, na mpira ulioungua utakuletea silinda inayokosa moto. Mimi niliiongezea mipira ya silinda za nyuma vifuko vya kuzuia joto. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, uone fimbo yake haigusi kitu.

Kabla ya kuwasha nilitafuta uvujaji bila moto: nikafunga hoza ya mashine ya kufyonza vumbi, upande wa kupuliza, kwenye mdomo wa silensa, nikazungushia kitambaa, kisha nikapuliza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu lilitokea mahali pamoja, nati ya chini upande wa abiria. Nikakaza, likaisha.

Washa gari likiwa nje, si ndani ya gereji. Litatoa moshi na harufu kwa dakika kumi na tano hivi, ni mafuta ya viwandani na ya vidole vyako yanayoungua juu ya chuma. Liache lipate moto kamili, zima, ngoja lipoe mpaka uweze kushika mabomba kwa mkono mtupu, ndipo urudie kukaza bolti zote kwa kipimo kile kile. Zangu nne zilikubali kusogea. Rudia tena baada ya kilomita mia tano, na kila mwanzo wa baridi chungulia zile za nyuma kwa kioo. Taa ya injini ikiwaka na msimbo P0171 au P0174, kabla ya kununua sensa mpya tafuta tundu: hewa inayonyonywa kwenye kiungo kilicholegea inaweza kuidanganya sensa kwamba petroli ni kidogo.

Nimeshapita majira mawili ya baridi tangu hapo. Januari iliyopita niliwasha gari nyuzi joto 14 chini ya sifuri, binti yangu akiwa kando yangu, madirisha yamefungwa. Tulinyamaza wote wawili tukisikiliza, mpaka akasema, "Baba, twende."